Watatu Watakaopumzishwa

Karatasi niliiandika mimi. Nataka hilo lijulikane mwanzo, kwa sababu pale kazini watu wakisimulia kisa hiki huanzia kwenye pilau, wakacheka, na mimi hucheka nao. Lakini hakikuanza na pilau. Kilianza Ijumaa saa kumi, kwenye ngazi, nikiwa nimeshika kalamu ya wino mzito iliyopoteza kifuniko.

Nafanya kazi ya kushona sare za shule katika ghorofa ya pili ya jumba moja mtaani Huruma, Nairobi. Tuko mafundi wanane na mzee mmoja wa kupiga pasi. Hakuna anayeshona shati zima. Mmoja hushona mikono, mwingine mifuko, mwingine vifungo, na shati hupita kutoka cherehani hadi cherehani mpaka lifike kwenye meza ya pasi. Ndiyo maana tunaitana kwa sehemu zetu. Mimi ni wa pindo. Yuko mama wa zipu, anayeshughulika na sketi na suruali. Na yuko mama wa kola.

Kola ndiyo sehemu ngumu ya shati. Ikipinda kidogo, mtoto anaonekana kama amelalia shingo vibaya. Mama wa kola alikuwa akishona kola kabla mimi sijazaliwa, na hakuna aliyewahi kurudishiwa shati kwa sababu yake. Kwao ni Murang'a, lakini mumewe alikufa zamani na alikuwa akiishi peke yake Huruma katika chumba kimoja. Ndiye aliyenifundisha kazi. Niliingia pale nikiwa na darasa la nane tu, na mdomo wangu ulikuwa mzito hata kuliko sasa. Alinikalisha karibu naye, akanipa vitambaa vibovu niviharibu zaidi mpaka nikaacha kuviharibu. Mtu akiniuliza jambo, yeye ndiye aliyejibu.

"Huyu hasemi," alikuwa akiwaambia, "lakini anasikia kuliko nyinyi nyote."

Bosi wetu ni mama Mwislamu aliyezaliwa Mombasa akaolewa Nairobi. Kiswahili chake ni kizuri, kama cha mtu anayesoma habari redioni. Chetu tumekiokota mtaani. Mara ya kwanza aliponionyesha kitambaa kipya na kuniuliza, "Waonaje?" niligeuka nikaangalia chumba kizima nikitafuta alichotaka nione. Mama wa kola alicheka mpaka akatoa miwani.

Kila Desemba bosi hutushukuru. Yeye hasherehekei Krismasi, lakini husema, "Sikukuu ni yenu, na nyinyi ni wangu." Miaka ya nyuma alitugawia unga, mafuta ya kupikia na kalenda. Mwaka huo alisema bintiye amemwambia kwamba siku hizi wafanyakazi hawashukuriwi kwa unga peke yake, huangaliwa pia afya yao. Hatukuelewa sana. Desemba ndio mwezi wetu wa kazi nyingi, maana Januari wazazi wote wanataka sare siku moja. Tulidhani afya ni maneno tu.

Alhamisi akaja na nesi.

Nesi alikuwa msichana mdogo, pengine tunalingana umri. Aliweka mashine yake ya presha kwenye meza ya kukatia vitambaa, akatuita mmoja mmoja. Cherehani zilinyamaza. Chumba chetu kikinyamaza unasikia hadi watoto wa ghorofa ya chini wakinyang'anyana rimoti.

"Hiyo kitu itanibana mkono ipate nyama gani?" mzee wa pasi aliuliza, akikunja shati.

"Itapata mfupa, mzee. Hata mfupa wa supu hupimwa," mama wa zipu akamjibu.

"Wewe ngoja zamu yako. Mashine italia kama king'ora."

"Presha yangu naijua. Inaitwa mwenye nyumba."

Nesi alicheka nasi, lakini alipofika kwa mama wa kola hakucheka. Alimpima. Akamwambia akae kidogo, apumue, asiongee. Akampima tena. Akabadilisha mkono, akampima mara ya tatu. Kisha akamwinamia na kuongea kwa sauti ya chini, ila chumba ni kimoja na sisi sote tuna masikio. Alimwambia aache chumvi, apunguze kukaa na kuinama, na Jumanne aende kliniki aanzishiwe dawa bila kukosa. "Bila kukosa, mama. Umenielewa?" Mama wa kola aliitikia kwa kichwa kama mtoto wa shule.

Mzee wa pasi na mama wa zipu pia walikuwa na presha, ingawa si kama yake. Sisi wengine tuliambiwa tunywe maji. Nesi alipomaliza alitoka nje na bosi, wakaongea kwenye ngazi kwa muda.

Sasa nirudi kwenye Ijumaa.

Saa kumi bosi aliniita nje. Alikuwa anaharakisha kwenda kuchukua vitambaa, funguo mkononi. Alinipa karatasi ya manila na kalamu. Mimi ndiye huandika lebo za mafurushi, jina la shule na saizi, kwa sababu ninaandika polepole na herufi zangu hazigongani.

"Mwanangu, niandikie tangazo zuri. Kesho asubuhi ulibandike mlangoni, kila mtu alione akiingia. Mengine nitawaambia mwenyewe mchana. Haya, andika."

Nikaweka karatasi kwenye ngazi, nikapiga magoti.

"Andika: Shukrani kwa kazi yenu yote."

Nikaandika.

"Kuanzia Jumatatu, wafanyakazi wafuatao watapumzishwa."

Nilisimamisha kalamu. Nilidhani sikusikia vizuri, lakini alikuwa ameshaanza kutaja. Mama wa kola. Mama wa zipu. Mzee wa pasi.

Ikabidi niandike. Mkono ulikuwa ukienda wenyewe. Nilipofika kwa wa tatu ndipo nilipoelewa: hawa ndio watatu wa presha. Tumepimwa jana ili wajulikane wagonjwa, leo wanatolewa. Huku kwetu mtu akipumzishwa amefutwa kazi, na kama hakufutwa kazi basi amezikwa. Sijawahi kusikia maana nyingine.

"Malizia: Mungu awabariki na mwaka mwema," bosi alisema. "Na uzungushie maua. Wewe wajua kuchora maua?"

Nikasema ndiyo.

Ningeweza kumwuliza. Neno moja tu, "Wanafutwa?" Lakini alikuwa bosi, alikuwa na haraka, na mimi ni mtu ambaye hata kuomba uzi mweupe hujipanga kwanza kichwani. Alinishika bega, akasema mwandiko wangu ni mzuri sana, akashuka ngazi. Nikachora maua. Nilichora kumi na mawili, nikiyapaka katikati wino mpaka kalamu ikakauka. Nilijiambia labda matajiri hufuta watu hivyo, kwa maua.

Jioni hiyo nilitoka na mama wa kola kama kawaida, kwa sababu tunaenda upande mmoja. Karatasi nilikuwa nimeikunja kama bomba nikaiweka kwapani.

"Umebeba nini?" aliniuliza.

"Ya bosi."

"Ya bosi nini? Ramani?"

Alicheka, akanipiga kiwiko. "Haya, siri za wakubwa. Hawa wameanza kukupa vyeo."

Tulipofika upande wa Kiamaiko, karibu na pale mbuzi hushushwa kutoka kwa malori, alisimama kwa mama anayeuza supu ya kichwa akanunua kikombe kimoja. Alikishika kwa mikono miwili, akakinusa, akalitazama kopo la chumvi lililokuwa mezani. Kisha akanipa mimi.

"Kunywa wewe. Nesi amenikataza chumvi, na supu bila chumvi ni maji ya kuoshea mbuzi."

Nikanywa. Ilikuwa ya moto na nilikunywa yote, yeye akinitazama kwa furaha kana kwamba inaingia tumboni mwake. Aliniambia Jumanne atatoka kazini mapema aende kliniki, na kwamba ameogopa kidogo, lakini ni afadhali kujua. Alisema, "Na bosi ni mtu mzuri, unajua? Nani mwingine hapa mtaani ameletea mafundi daktari?" Karatasi ilikuwa inanikwaruza mbavu. Tuliagana kwa mlango wa ploti alikopanga chumba.

Asubuhi nilifika wa kwanza, nikaibandika karatasi kwa utepe wa gundi pembe zote nne. Kisha nikaingia ndani, nikakaa nyuma ya mafurushi ya kaptura, na nikaanza kushona pindo ambalo halikuwa kazi ya siku hiyo.

Mama wa zipu ndiye aliyeanza kusoma. Nilisikia viatu vyake vikisimama nje ya mlango. Halafu, "Wee!" Akapiga kelele nyingine ambayo haikuwa neno. Wengine walikuja mbio. Mtu mmoja alisoma kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, na alipofika kwa Mungu awabariki mama wa zipu akamkatiza.

"Eti awabariki! Na maua wametuwekea! Hayo si ya kaburi?"

"Tulia kwanza," mzee wa pasi alisema.

"Nitulie? Hujaona ni akina nani? Wewe, mimi, na huyu. Tuliitwa tupimwe kama mbuzi wa sokoni, kumbe wanatafuta wagonjwa watutoe! Nilijipeleka mwenyewe, nikanyoosha mkono!"

Kila mmoja alikuwa ameona vilevile. Mtu wa vifungo aliketi chini pale mlangoni. Mzee wa pasi alichomoa waya wa pasi ukutani, akauviringa polepole, akauweka mezani, kisha akauchomeka tena.

"Mimi ningoje nisikie kwa mdomo wake," alisema. "Karatasi haijawahi kunifuta."

"Mimi pia nangoja," mama wa zipu akasema. "Atanikuta hapa hapa. Leo atanijua."

Mama wa kola alifika baadaye kidogo, kama kawaida yake. Wakampisha mlangoni. Nilimwona kupitia katikati ya mafurushi. Alivaa miwani, akasoma. Nilitazamia kilio, au tusi, lakini alisoma tu, na nilipodhani amemaliza akarudia. Alisogeza uso karibu na karatasi mpaka pua ikakaribia kuigusa. Baadaye ndipo nilipojua alikuwa anatazama nini.

Aliingia, akakaa kwenye cherehani yake. Kulikuwa na kola sita alizoacha jana zikiwa hazijageuzwa. Akazigeuza zote, akazipiga mshono wa juu, akakata nyuzi, akazipanga moja juu ya nyingine. Kisha akafunika cherehani kwa kitambaa, akasimama, akaanza kuwapa watu mkono. Kila mtu. Alipofika kwangu alinishika mkono kama alivyoshika wa wengine, hakuzidisha wala kupunguza. Akashuka ngazi.

Mimi nilibaki nimeketi. Nilikuwa nimeshtuka kiasi kwamba sikuona kuwa nimejishona kidole mpaka kaptura ikawa na doa.

Saa sita na nusu tulisikia watu wakipanda, na harufu ikatangulia. Bosi aliingia amevaa buibui jipya, nyuma yake vijana wawili wakiwa wamebeba sufuria kubwa ya pilau, na yeye mwenyewe amekumbatia vifurushi vitatu vilivyofungwa kwa karatasi ya kung'aa.

"Jamani, mbona mwanitazama hivyo?" alisema akicheka. "Wapi mama wa kola?"

Mama wa zipu alisimama.

"Pilau ya nini? Ya matanga? Unatufuta Krismasi, halafu unatuletea pilau?"

"Nimemfuta nani?"

"Soma karatasi yako!"

Bosi aligeuka akasoma. Nilimwona midomo ikitembea. Alisoma akamaliza, akatutazama, na hakuwa ameona kosa lolote.

"Ndiyo. Watapumzishwa. Nesi amesema hawa watatu wamechoka, miili yao yahitaji kupumzika. Nimewapa wiki mbili wakae nyumbani, mshahara wao u palepale. Ndiyo shukrani yangu ya mwaka huu. Nilitaka niwaambie wenyewe tukila."

Kijana mmoja aliuliza kama wanaweza kuweka sufuria chini, maana inawachoma.

Mzee wa pasi ndiye aliyesema, kwa upole sana. "Mama, huku Nairobi mtu akipumzishwa kazi, amefutwa."

"Amefutwa?"

"Amefutwa. Ama amekufa."

Bosi alikaa kwenye kiti cha mama wa kola. Aliziba mdomo kwa upande wa mtandio. "La ilaha illallah," alisema, mara mbili au tatu, na sikuwahi kuona uso wa mtu mzima ukiporomoka vile. Kisha akainua macho akanitafuta mimi.

"Mwanangu. Wewe uliandika. Hukujua?"

Wote waligeuka. Nilitaka sakafu ifunguke. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nadhani walichukulia kwamba sikujua, kwa kuwa mimi ni mtoto na sisemi, na bosi mwenyewe alitikisa kichwa akasema, "Maskini, atajuaje."

Walimpigia mama wa kola simu. Ikawa mteja hapatikani. Wakapiga tena, mteja. Nikasimama, nikasema nitaenda mimi. Nilisema kwa sauti hata mama wa zipu akashangaa.

Kwake niliukuta mlango umefungwa kwa kufuli. Mlangoni mwa jirani niliona meko yake ya gesi na mitungi miwili ya maji.

"Ameniachia," jirani alisema. "Amesema kazi imeisha, hana la kufanya Nairobi. Ameenda kuaga binti yake Komarock, halafu jioni achukue gari la kwenda ushago, kwao Murang'a. Na wewe ni wa kazini kwao? Mnamfanyiaje mtu hivyo?"

Nilimwangalia huyo mwanamke na ile meko. Tangu asubuhi mpaka saa saba, maisha ya miaka yote yalikuwa yameshagawanywa. Nikafikiria Jumanne, na kliniki, na nesi akisema bila kukosa. Huko kwao Murang'a angeanza dawa na nani, na lini? Angefika akae shambani, ainamie jembe, na sisi tungesikia habari kwa simu. Niliondoka bila kuaga.

Nilifika Komarock kama saa tisa na nusu. Nyumba ya bintiye niliijua kwa sababu niliwahi kutumwa kupeleka sare za wajukuu. Geti lilikuwa wazi. Alikuwa peke yake uani, ameinama kwenye beseni, anafua. Mkoba wake mkubwa ulikuwa mlangoni, zipu imefungwa.

"Umetumwa?" aliuliza bila kunyooka.

"Nimekuja."

"Binti yangu yuko kazini. Nikaona nisikae bure nikimngoja."

Nilianza kuongea. Sijui nilipata wapi maneno, lakini yalitoka yote, mengine yakiwa yamegeuka nyuma mbele. Kwamba bosi hakumfuta. Kwamba kwao Mombasa kupumzishwa ni kupewa nafasi ya kukaa tu, ulale, uamke. Kwamba ni wiki mbili na mshahara uko, na kulikuwa na zawadi, na pilau, na bosi amelia kwenye kiti chake. Kwamba Jumanne aende kliniki, asiende ushago, tafadhali.

Alinyooka. Alikamua sweta ya mtoto mpaka ikaacha kudondosha maji, akaitundika, akaifuta mikono kwa gauni.

"Kwa hivyo sijafutwa."

"Hapana, mama."

Alivuta pumzi, nikadhani imekwisha. Nilitaka iwe imekwisha. Lakini alinitazama, na hakuwa na miwani, na macho yake bila miwani yalikuwa mapya kwangu.

"Unajua nilikuwa natafuta nini kwenye ile karatasi? Nilikuwa natafuta mwandiko. Ile herufi Z yako yenye mkia, ni mimi niliyekuonyesha tukiandika lebo. Nikasema, hapana, wako wengi wanaoandika hivyo. Nikatazama tena. Ni wewe."

Nilitikisa kichwa, ndiyo.

"Na jana ulikuwa nayo kwapani."

"Ndiyo."

"Tukitembea. Nikikupa supu yangu."

"Ndiyo, mama."

"Sasa nijibu kwa mdomo, usitikise kichwa. Ulipokuwa ukiandika, wewe ulielewa nini?"

Njia ilikuwepo. Ningesema nilielewa kama bosi, kwamba ni mapumziko, na yeye angecheka, na tungeenda kuichukua meko kwa jirani. Kila mtu kazini alikuwa ameshaamini hivyo bila mimi kusema neno. Nadhani hata yeye alikuwa ananiachia mlango huo wazi, kwa sababu alingoja muda mrefu.

"Nilielewa umefutwa," nikasema.

Alikaa kwenye kigoda cha kufulia. Nilimwona akiweka kiganja kifuani na nikaogopa, nikamwendea, lakini aliinua mkono mwingine kunizuia.

"Nipe simu yako. Yangu nimezima."

Nikampa. Alipiga namba ya bosi, na bosi akapokea kabla haijaita mara mbili. Sauti yake nilikuwa naisikia kutoka pale nilipo, maneno yakifuatana, wallahi, nisamehe, wallahi sikujua. Mama wa kola alisikiliza. Kidogo kidogo uso wake ukalainika, na mwishowe akacheka, kicheko chake kile cha kutoa miwani.

"Mama, sikiza. Huku usimpumzishe mtu! Sema umempa likizo. Ukipumzisha watu Huruma watakuja na jeneza." Akasikiliza tena. "Hapana, sijakasirika. Nitakaa hapa kwa binti yangu hizo wiki mbili. Jumanne nitaenda. Ndiyo, nimesema nitaenda. Niwekee pilau kwa friji."

Akakata. Akanirudishia simu, na kicheko kilikuwa kimeondoka.

"Yeye amekosea neno," alisema. "Wewe hukukosea."

Akachukua beseni, akamwaga maji kwenye mtaro, akauokota mkoba wake na kuingia nao ndani. Mlango hakuufunga. Nilisimama uani sijui nifanye nini. Nguo za watoto zilikuwa zinadondosha maji juu ya viatu vyangu. Kawaida ningeondoka. Kawaida ningesema moyoni kwamba hajaniita, nikatoka polepole bila kugonga geti, na Jumatatu nikaendelea na pindo zangu, na baada ya wiki mbili tungekaa karibu bila yeyote kutaja jambo hili.

Nilienda hadi mlangoni. Alikuwa amefungua mkoba, anatoa vitu.

"Mama, niingie?"

Alikunja shuka moja, akaliweka kwenye kochi, akakunja la pili.

"Vua viatu," alisema. "Vimelowa."